Mwalimu wa Kwaya Aliyenyamaza

Alikuwa hawezi kumpita mtu anayeimba vibaya. Siku moja sokoni Magwagwa alimsimamia mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa akijiimbia wimbo wa kanisani huku akipanga vichane vyake, akamwambia, "Mama, hapo unashuka. Panda." Yule mama akajaribu tena, akakosea. Mwalimu akaweka mkoba wake chini, akamwimbia mstari mzima, akamngoja aurudie, na wanunuzi wakawa wamesimama pale na pesa mkononi hawana la kufanya. Aliporidhika aliokota mkoba akaenda zake bila kununua hata ndizi moja. Mama huyo alituhadithia kisa hicho kwa hasira muda mrefu sana. Kila akihadithia aliuimba ule mstari, na kila akiuimba ulikuwa sawa.

Kwetu kuna walimu wengi kuliko paka, lakini ukisema "Mwalimu" peke yake hakuna atakayekuuliza yupi. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na bado sijakutana na mtu anayemkumbuka kwa hesabu au sayansi. Tulimjua kwa kwaya. Alimfundisha mama yangu alto kabla sijazaliwa. Mimi alinipokea nikiwa msichana mdogo, akaniweka soprano, akanisikiliza majuma kadhaa akiwa amekunja uso, kisha akanihamisha bila kunilaumu. "Moraa, kaa hapa kando ya mama yako," alisema. "Ukipotea, mshike yeye." Nimemshika hadi leo.

Habari hiyo ya kupotea ndiyo ilikuwa somo lake kubwa. Walimu wengine wa kwaya humwambia asiyeujua wimbo apunguze sauti, asiwaharibie wenzake. Yeye alikuwa kinyume chao. "Ukipotea, imba kwa nguvu," alisema. "Nikikusikia nitakurudisha. Anayepotea kimyakimya anatupoteza sote." Tulikuwa na fundi wa mbao katika besi, mtu mkubwa kama mlango na mwenye haya kama bibi harusi, ambaye kwa muda mrefu alifungua na kufunga mdomo bila kutoa kitu. Mwalimu alipomgundua alimsimamisha peke yake mbele yetu. Fundi akatokwa na jasho, akaimba kwa nguvu, akakosea kila mahali pa kukosea. Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwambia, "Sasa nimekuona," na tangu siku hiyo fundi akawa nguzo ya besi yetu. Nakieleza kisa hiki mapema kwa sababu kila kilichokuja kumpata Mwalimu baadaye nakipima kwa maneno yake mwenyewe, na sipendi ninachokiona.

Alikuwa bahili, tusidanganyane. Mche wa sabuni aliukata vipande vidogo na kuvihesabia wageni kwa macho. Kamba ya kufungia mzigo hakuikata kamwe, aliifungua fundo kwa fundo na kuitia mfukoni. Boda boda alipanda akielekea mlimani tu. Kuteremka aliteremka kwa miguu, akisema kwamba mteremko Mungu ametupa bure. Mimi ni mshonaji, nina kibanda changu Mosocho, na sare za kwaya nimezishona mimi miaka yote. Koti lake la kahawia nimelibadilisha bitana mara nyingi hata sijui kama lilibaki koti lile lile. Kila mara alileta bitana yake mwenyewe, iliyotoka kwenye nguo nyingine, na kila mara tulibishana bei mpaka nikashindwa.

Halafu mtu huyo huyo ukimpeleka kwenye harambee, hutamtambua. Iwe ni karo ya mtoto wa jirani, iwe ni bati za kanisa, iwe ni mgonjwa aliyelala hospitali, jina la Mwalimu lilisomwa la kwanza, na kiasi alichotoa kiliwafanya watu wageuke kwenye viti. Yeye alitazama mbele kama hasikii. Mkewe alitazama mikono yake mwenyewe mapajani. Nilidhani, kama wengine wote, kwamba hiyo ndiyo sababu ya zile kamba na vile vipande vya sabuni: anajinyima ili atoe. Labda kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Lakini mtu akishazoeshwa kusomwa wa kwanza, hata mfuko ukiwa mtupu anaogopa kusomwa wa pili.

Sabato aliishika kwa namna iliyotuchosha. Ijumaa jua likishuka alizima simu, akaifunga ndani ya leso na kuiweka kabatini, na Jumamosi jua likizama ndipo aliifungua. Ukifiwa Jumamosi ilibidi umfuate kwa miguu. Siku nyingine zote alipokea simu kabla haijalia mara ya pili, kwa sauti ileile ya kuanzishia wimbo, "Naam!", mpaka ukasogeza simu mbali na sikio. Kwa hiyo simu yake ilipoanza kukosa kupokewa Jumanne, halafu Alhamisi, mama yangu alitania kwamba Mwalimu ameongezewa Sabato.

Mkopo wenyewe haukuwa wa siri mwanzoni. Alikuja nyumbani kwa mama Jumapili moja mchana, akaketi, akanywa chai, akaeleza kila kitu waziwazi. Alikuwa na ploti Nyamache, aliyoinunua zamani akifundisha kule. Karibu na hapo kulikuwa na chuo, na wanafunzi walihangaika kutafuta vyumba. Alitaka kujenga nyumba za kukodisha kwa mkopo wa sacco yetu, na sacco ilitaka wadhamini. Kudhamini ni kuweka akiba yako mwenyewe nyuma ya deni la mwenzako: akilipa, hujui hata kama ulitia saini; asipolipa, wanakata kwako. Wadhamini wake wote walitoka katika kwaya: fundi wa mbao, mwenzao mmoja wa sauti ya tenori ambaye sasa anaishi kwa mwanawe Nakuru, na mama yangu.

Akiba ya mama ilikuwa na kazi yake, na kila mtu pale nyumbani aliijua. Baba alipougua, mama aliiweka rehani chai yake kwa jirani yetu, mzee Ondieki. Ondieki alitoa pesa za hospitali, naye angechuma chai ile mpaka siku pesa zake zitakaporudi. Baba alifariki, na chai ikabaki mikononi mwa Ondieki. Shamba lenyewe liko nyuma ya nyumba, dirisha la jikoni linalitazama. Kila asubuhi mama aliwasha moto akiangalia vibarua wa mtu mwingine wakichuma chai ya mume wake. Hakulalamika. Aliuza ndizi, aliuza maziwa, akapeleka sacco kidogo kidogo, na mtu akimuuliza hali alisema, "Nakomboa shamba."

Nilimuuliza kama ana hakika ya kutia saini. Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Huyu aliimba kwa kaburi ya baba yako mpaka udongo ikaisha," alisema. "Nitamnyima saini?"

Vyumba vilijengwa, na vilikuwa vizuri. Chuo nacho kikajenga mabweni yake. Wapangaji wachache waliokuja walihama mmoja baada ya mwingine, na mkopo ukaendelea kudai kila mwisho wa mwezi. Mwalimu akakopa benki ili alipe sacco, akakopa kwenye simu ili alipe benki, akakopa kwenye simu tena ili asikose kusomwa wa kwanza kwenye harambee ya bati. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na simu. Siku hizi harusi na matanga huja kwa ujumbe mmoja.

Hapa ndipo pangekuwa mwisho wa shida yake. Afisa wa mikopo katika sacco ni Kemunto, soprano wetu wa zamani, msichana aliyefundishwa na Mwalimu kuanzia do mpaka do. Ofisi iko Nyamira, si mbali. Kemunto aliniambia baadaye, akiwa amenishika mkono kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa, "Moraa, hiyo kitu tunafanyia watu kila wiki. Angekuja aseme tu ameshindwa. Tungeongeza muda, tupunguze ya kila mwezi, hakuna mdhamini angeguswa. Si kazi ya hata nusu siku."

Lakini nani angekaa kwenye kile kiti cha mbao mbele ya meza ya Kemunto? Si Mwalimu. Kwetu mtu anaweza kumwomba mgeni maji ya kunywa, akashindwa kumwomba mtoto aliyemlea. Aliniambia mwenyewe, "Ningemwambiaje Kemunto? Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama wima." Basi akatafuta mahali ambapo hakuna aliyemjua.

Alipasikia kwenye redio. Kampuni ya kusuluhisha madeni, ghorofani mjini Kisii, juu ya duka la dawa. Alipanda ngazi, akapewa kiti laini na maji baridi ya glasi, akapokewa na kijana mwenye tai na sauti nzuri. Nafikiri hiyo sauti ilimmaliza. Kijana akamwambia kwamba madeni yote yatakusanywa pamoja, kwamba kampuni itaongea na wanaomdai, watakubali kupunguza deni hata kufikia nusu, naye atalipa kiasi kimoja tu kidogo kila mwezi, na atailipa kampuni, si wao. Masharti yalikuwa machache. Aache kulipa sacco na benki, ili waone kweli ameshindwa na wakubali mazungumzo. Asipokee simu zao. Asizungumze na yeyote anayehusika, hata wadhamini, asije akaharibu mambo.

Nilipomsikia akinieleza nilidhani sharti hilo la mwisho ndilo lililomtia wasiwasi. Kumbe ndilo lililomtuliza. Alisema siku ile aliteremka zile ngazi akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu vyumba vibaki vitupu, mtu alikuwa amemwambia kwamba kunyamaza ni sehemu ya dawa. Mtu mwenye sukari mwilini akipata daktari wa kumwandikia keki hatatafuta daktari mwingine.

Kwa hiyo alinyamaza. Alikuja mazoezini, akatufundisha kama kawaida, sauti ikijaza kanisa mpaka kwenye mabati, lakini alianza kuondoka kabla ya sala ya kufunga. Huyu mtu aliyekuwa akisimama mlangoni na saa yake na kumwambia kila aliyechelewa "Asante kwa kuja," akituumiza kuliko fimbo, sasa alikuwa wa kwanza kutoka. Mama alisema, "Mwalimu siku hizi anaogopa mvua." Nami nilipompima kwa sare mpya, kiuno kilikuwa kimepungua hivi kwamba nilidhani nimeshika futi vibaya. Nikamtania kwamba mkewe amechoka kumpikia. Alicheka vizuri kabisa.

Huku nyuma riba iliendelea kupanda, kwa maana deni halijui kwamba umeajiri msemaji. Sacco ilimpigia simu, laini ikawa imezimwa. Ilimwandikia, hakujibu. Kemunto, kwa heshima tu, aliliweka faili lake chini ya mengine kwa kadiri alivyoweza, akisema labda mzee ni mgonjwa, labda amesafiri. Alifika hata nyumbani kwake, akaambiwa hayupo, na akaliona koti la kahawia limeanikwa. Mwishowe wakubwa wake wakaliomba faili. Wadhamini wakatumiwa ujumbe kwenye simu. Wa mama ulikuja kwa Kiingereza, akaufuta akidhani ni watu wa kamari.

Mama alikuja kujua siku aliyokwenda Nyamira kutoa akiba yake. Ilikuwa imefika kiasi cha kumlipa Ondieki, na Ondieki alikuwa amekubali bila maneno mengi. Mama alivaa gauni lake la Sabato siku ya kazi. Kemunto alimwona mlangoni akaanza kulia kabla mama hajaketi.

"Mama Moraa, wamekata."

"Wamekata nini?"

"Akiba yako. Ni ya Mwalimu. Hajalipa tangu mwaka jana."

"Mwalimu gani?" mama aliuliza. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu nimesikia mtu wa kwetu akiuliza swali hilo.

Alirudi nyumbani, akavua gauni, akapika. Niliposikia nikafunga kibanda Mosocho nikaja, nikamkuta akitwanga wimbi ambalo halikuhitaji kutwangwa. Sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, nikiwa nimepanga matusi yote niliyoyajua na mengine ya kujitungia. Nilimkuta uani akifungua fundo la kamba. Aliposikia akiba ya mama imekatwa, kamba ilimtoka mkononi. Hakuwa anajua. Hilo ndilo lililonyong'onyeza hasira yangu. Alikuwa amewalipa wale wa ghorofani kila mwezi bila kukosa, akijinyima hata chai, na aliamini kabisa kwamba anatulinda.

"Twende," aliniambia. "Kuna makosa. Twende uwasikie mwenyewe."

Tulikwenda. Yule kijana hakubadilika rangi. "Mama, kwanza keti," aliniambia, nikakataa kiti chake laini. Nikamuuliza walichofanya. Akasema walituma barua sacco, sacco ikajibu kwamba inazungumza na mwanachama wake tu.

"Na pesa anazolipa mzee?"

"Hizo ni ada ya huduma. Zinatangulia. Zikishakamilika ndio zile zingine zinaanza kuwekwa za wanaomdai. Iko kwa makubaliano, alisoma akasaini."

Mwalimu alisogea mbele. Aliongea kwa upole, Kiswahili chake kile cha darasani. "Lakini wewe uliniambia nisiwalipe."

"Sisi ni washauri tu, mzee. Uamuzi ulikuwa wako."

"Na uliniambia nisizungumze na wadhamini wangu."

Kijana alitazama saa. "Ukitaka kujiondoa kwa mpango unaweza. Lakini ada hairudi."

Kampuni hiyo haikutoroka, na mpaka leo jambo hilo linaniudhi. Ningependa kusimulia kwamba tulirudi tukakuta mlango umefungwa na kibao kimeng'olewa, mwizi amekimbia, sisi wote tumeibiwa pamoja na Mwalimu. Kibao bado kipo. Wamepaka hata rangi mpya. Waliuza ukimya kwa mtu aliyekuwa akiutafuta, wakampa risiti.

Tuliposhuka zile ngazi alishika ukuta. Chini, mbele ya duka la dawa, nilimwambia, "Mwalimu, sasa twende kwa mama. Umwambie mwenyewe." Akasema ndiyo, kesho. Kesho hakuja. Sabato hakuja kanisani. Tukasikia anasali kanisa jingine, upande wa pili wa mto, anaketi nyuma na haimbi. Benki ikauza ploti ya Nyamache pamoja na vyumba vyake. Fundi wa mbao, ambaye akiba yake ilikuwa ya karo, alitoka kwenye kwaya bila kusema neno, na besi ikaporomoka kwa kukosa nguzo yake. Tukaletewa kijana wa kinanda. Ni kijana mzuri. Ukipotea hakusikii, kinanda kinakufunika.

Sitaki kumfanya malaika kwa kuwa namhurumia. Chai ya baba ilibaki kwa Ondieki, na mama alianza kuweka akiba upya akiwa na magoti yanayouma. Kuna asubuhi nilimchukia Mwalimu kabisa, na hasa asubuhi ambazo nilimwona mama dirishani. Lakini ninachosikitikia zaidi si shamba. Nasikitika kwamba tulikuwa pale. Tulikuwa kwaya nzima, watu waliofundishwa kusikiliza, tukakaa karibu naye kila juma mpaka mkono wangu ukapima kiuno chake, naye akapita katikati yetu akielekea kwa watu wasiomjua, akawalipa ili wamsemee. Wazee wa zamani wa kwetu walikuwa na njia yao: mwenye deni na anayemdai waliketishwa, mmoja akasema nimeshindwa, mwingine akasema nimeudhika, kisha wakapanga ni lini na ni kwa kipi. Mwalimu aliketisha wengi hivyo. Tatizo ni kwamba daima alikaa upande wa wanaopatanisha.

Mwaka huu, baada ya mvua ndefu, nilikuwa kwa mama nikimenya ndizi jikoni. Vibarua wa Ondieki walikuwa shambani. Mmoja, mwanamke, alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, nami nikimsikiliza bila kumsikiliza. Akakosea. Akanyamaza. Kisha akarudia mahali palepale, na sasa akapanda panapotakiwa kupanda.

Niliweka kisu chini. Kuna mtu alikuwa amemsahihisha.

Niliteremka shambani. Alikuwa upande wa chini, kwenye mteremko, ambako dirisha la mama halifiki. Alikuwa amejifunga karatasi ya plastiki kiunoni kama wachumaji wote, kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Amezeeka. Nilimwamkia, "Bwakire, Mwalimu," naye akaitikia bila kugeuka, kama mtu aliyekuwa akingoja kupatikana.

Aliniambia kila kitu hapo hapo, tukiwa tumetenganishwa na mstari wa chai. Alikuwa amekuja kwa Ondieki mwaka uliopita kuomba kibarua, kwa sharti kwamba ujira wake usitolewe kwake, upunguzwe kwenye rehani ya mama. Ondieki alikubali na kuahidi kunyamaza. Siku ya kuchuma ikifika, Mwalimu aliomba mistari ya chini.

"Imepungua kidogo," alisema. "Si sana. Nachuma polepole." Kisha akaniangalia. "Moraa, usimwambie mama yako. Niache nimalize kwanza."

Sikujua kama nilie au nimrushie majani. "Mwalimu," nilisema, "hayo ndiyo uliyoambiwa ghorofani."

Upepo ulikuwa ukileta moshi wa jiko letu. Yule mwanamke aliyekuwa akiimba aliacha kuimba ili atusikie vizuri, nami sikumlaumu. Mwalimu akateremsha kikapu, akakiweka kwenye nyasi, akafungua ile plastiki kiunoni, fundo kwa fundo, akaikunja. Akaanza kupanda mlima.

Alipiga hodi kwenye mlango wa jikoni. Mama alikuwa amerudi kutoka kisimani, akitia maji kwenye sufuria. Alipomwona hakusema karibu, wala hakusema ondoka. Mwalimu hakuketi. Alisimama wima kizingitini kama alivyokuwa akitusimamisha sisi, mikono pembeni, akasema. Alisema amekopa zaidi ya uwezo wake. Alisema aliona haya kwenda kwa Kemunto. Alisema aliwalipa wageni wamfichie uso, na uso huo umemlia mama chai ya mumewe. Alisema anachuma huko chini na alikuwa amejificha hata katika kuchuma. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti yake ileile kamili, na nina hakika Ondieki aliisikia kwake, na vibarua wote, na jirani wa ng'ambo.

Alipomaliza, mama alichukua kigoda akamsogezea kwa mguu. Akamimina chai. Akakaa naye.

"Mwalimu," alisema, "hii maneno ungeniambia ile mwaka, ningekasirika wiki moja. Wiki moja tu. Halafu tungeenda kwa Kemunto, mimi na wewe na fundi, tupange. Sasa nimekasirika mpaka nimezeeka nayo."

"Najua," alisema.

"Hapana, hukujua. Ungejua ungekuja."

Alikunywa chai yote. Aliniomba nimwambie fundi wa mbao kwamba atafika kwake Jumapili, na mama akamjibu mbele yangu kwamba kwa fundi atajipeleka mwenyewe, bila kutuma mtu. Akakubali. Kisha akainuka, kwa kuwa majani yalikuwa yanangoja na gari la kupimia chai halimngoji mtu. Mama alimwambia tu, "Chuma mistari ya juu," na yeye akaitikia, "Naam."

Mama alisimama dirishani na kikombe chake mkononi mpaka mgongo wa Mwalimu ukaonekana katikati ya chai ya baba, kwenye mstari wa kwanza kabisa.

"Sauti bado anayo," nilisema.

"Alikuwa nayo siku zote," mama alisema, akaenda kuosha kikombe.